Jani Alilochuma Odilia

Arusha Chini,
Jumatatu, 12 Julai 1982

Mpendwa Hilaria,

Tulifika salama. Mkungu mmoja ulipondeka kidogo kwenye keria ya basi, kuku wako alishuka na hasira lakini mzima, na Crispin alilala kuanzia Himo mpaka mlangoni kwetu. Mfikishie mkweo Mama Kornelia shikamoo zangu. Salamu kwa shemeji Sirili na kwa mwanao Yohana.

Habari za siku ile nimeziandika kwenye shajara yangu, kurasa nne. Damian ananicheka, anasema harusi yetu yenyewe ilipata ukurasa mmoja na nusu. Lakini harusi nilijua itakavyokuwa. Huko kwenu sikujua. Tangu tulipotoka Songea tukaja hapa kwenye miwa, kila asubuhi nauona mlima wenu nikianika nguo, na sikuwahi kufikiri kwamba ndani ya ule ukijani watu wanaishi namna ile, kila nyumba imejificha katika migomba yake, maji yanapita mlangoni kama mgeni aliyezoeleka.

Watoto hawajanyamaza. Ukungu ulipoteremka pale tuliposhukia, Crispin aliuliza ule ni moshi wa kiwanda gani. Odilia naye alimlalamikia baba yake: "Tumepanda kuja kuona mlima, mbona wameuficha?" Na yule ng'ombe wenu! Hapa ng'ombe wanapita wenyewe kutafuta majani. Kwamba ng'ombe ana chumba, amekaa tu, na watu wazima wanampelekea chakula kichwani, hilo Odilia hajalikubali. Anauliza anaumwa nini.

Asante kwa mtori ule wa ndizi na nyama. Asante kwa sweta la Yohana ulilomvika Crispin bila kuniuliza, maana nilikuwa naona haya kusema mwanangu anatetemeka. Asante kwa kuwaonyesha jinsi kahawa inavyomenywa kwa ile mashine ya mkono, ingawa Crispin alimeza zaidi ya alizomenya. Mwambie Mama Kornelia kwamba maneno aliyoniambia kwa Kichagga akinishika mkono sikuyaelewa, lakini nimeyapokea hivyo hivyo.

Jambo moja nimelikumbuka nikifua. Mchana, baada ya chakula, Odilia alipotea kidogo. Nilimkuta anarudi kupitia kile kijia cha uani, kule kwa jirani yenu mwenye ndama. Yohana alikuwa amesimama upande wenu, hakumfuata, nikafikiri anaona haya kwenda kwa watu. Odilia aliniambia ametengeneza saa ya mkono kwa jani refu la pale uani, kama wanavyotengeneza hapa kwa majani ya miwa. Ikawa kubwa mno kwa Crispin, basi akampa yule babu wa jirani. "Akalia, mama," akasema. Nilidhani ni moshi wa jikoni tu na macho ya uzee. Kama mtoto alimsumbua, niombee radhi.

Sukari usinishukuru. Ni ya mgao wetu, na sisi tumechoka kuinusa.

Nduguyo wa dawati moja,
Anyesi


Mwika,
Jumanne, 13 Julai 1982

Anyesi wangu,

Naandika kabla sijapata barua yako, maana najua umeshaandika. Wewe hata shuleni ulikuwa unamwandikia mpishi barua ya asante. Lakini safari hii mwenye kushukuru ni mimi, tena si kwa sukari.

Mlipokuwa hapa nilikwambia huko nyuma ya ua ni kwa watu wengine. Ulinitazama, hukuuliza. Huko si kwa watu wengine. Ni kwa Basili, kaka mkubwa wa Sirili, tumbo moja.

Miaka mitatu iliyopita, wakati wa kiangazi, kulitokea ugomvi wa mfongo, yaani ule mfereji mliouona ukipita mlangoni. Maji yake tunagawana kwa siku. Siku ya Sirili ilipofika alikuta maji yamefunguliwa kwenda kwa Basili. Akaenda mbele ya wazee wa mfongo, akasema kwa sauti, "Kaka yangu ni mwizi wa maji." Basili akajibu kwamba hatakanyaga tena kwetu mpaka aletewe isale.

Isale ni mmea ule wenye majani marefu tuliopanda mpakani. Mtu aliyekosa hulichuma, hulifunga fundo, humpa mtu asiye na upande alipeleke. Anayeletewa hawezi kukataa. Akikataa, lawama yote inamgeukia yeye. Lakini Sirili akasema, alete yeye aliyechukua maji. Ikaishia hapo.

Aliyeumia ni Mama. Anakaa kwetu kwa kuwa Sirili ndiye kitinda mimba. Miaka mitatu hajala chakula cha kwa Basili, asije akaonekana amechagua. Wajukuu wa kule wanamwamkia wakiwa nyuma ya majani.

Sasa sikia. Jumamosi, mlipokuwa hamjafika hata barabarani, Basili alipita kwenye kijia. Mkono mmoja kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, mkono mwingine isale lenye fundo. Akamwambia Sirili, "Nimelipokea. Aliniletea yule mtoto mgeni, kwa magoti." Sirili alilitazama lile jani, akamtazama Mama, akanitazama mimi. Kisha akainuka. "Karibu, kaka." Mama tayari alikuwa anavuta kigoda.

Anyesi, mume wangu ameinama! Kwa siri, asinionyeshe, amemtuma mwanao, kwa kuwa mgeni hana upande. Na mimi sitamwuliza hata siku moja. Leo asubuhi nilimsikia anapiga mluzi kwa ng'ombe.

Basili amesema tarehe 31 tutachinja mbuzi mbele ya wazee wale wale ili yaishe. Anamtaka "mjumbe wangu" awepo. Kwa hiyo njooni. Odilia atakaa karibu naye.

Mwenye furaha,
Hilaria


Arusha Chini,
Jumatatu, 19 Julai 1982

Mpendwa Hilaria,

Barua yako imenifikia leo. Nimeisoma mara mbili nikiwa nimesimama, kisha nikaketi. Bila shaka sasa nawe umeipata yangu, na unajua ninachotaka kusema. Lakini nitasema wazi, kusiwe na nafasi ya kukisia.

Nilimwita Odilia nikamwuliza polepole, bila kumtisha.

"Lile jani ulilompa babu, nani alikupa?"

"Nilichuma."

"Nani alikwambia uchume?"

"Hakuna. Crispin alitaka saa."

"Na fundo?"

"Saa bila fundo inafungwaje, mama?"

"Kwa nini ulipiga magoti?"

Hapo akanitazama kama mimi ndiye mtoto. "Si ulisema mtu mzima anapewa kitu kwa magoti, na mikono miwili?"

Ni kweli. Ndivyo wasichana wa kwetu Songea wanavyolelewa, na mimi nimemkaripia mara nyingi akisahau. Siku ile hakusahau.

Kwa hiyo shemeji Sirili hakumtuma. Nasikitika kuliko ninavyoweza kuandika. Mtoto wangu amechezea kitu ambacho kwenu si mchezo, na wazee wazima wamekijengea amani.

Damian anasema tunyamaze. "Sisi ni wageni," anasema, "tumekula mtori, tumeondoka." Mimi siwezi kulala hivyo. Nimefikiri kumwandikia Mzee Basili mwenyewe nimweleze na kumwomba radhi, au nije nimwone ana kwa ana. Niambie lipi ni bora, nitalifanya.

Anyesi


Mwika,
Alhamisi, 22 Julai 1982

Anyesi,

Usimwandikie Basili. Usije. Nakuomba kama nilivyokuwa nakuomba usinitaje kwa Sista.

Barua yako ya kwanza ilifika Ijumaa iliyopita. Niliposoma ile habari ya saa ya mkono, niliikunja nikaiweka ndani ya kitabu cha nyimbo, nikajiambia labda mtoto hakukusimulia yote. Hii ya pili haikuniachia labda.

Ngoja nikupe picha ya nyumba hii ili uone ninapokaa. Mama anaamini ni Sirili aliyetuma. Kila mtori ukiiva, bakuli la kwanza ni la Sirili, na anamtazama akila kana kwamba ndiyo kwanza ameota meno. Sirili naye juzi akaninong'oneza, "Mama amenizunguka." Anaamini Mama ndiye aliyemtuma Odilia kwa jina lake, na siku ile alishindwa kukana mbele ya mama yake. Mwanzoni alinuna. Lakini asubuhi iliyofuata alikutana na Basili kwenye mfongo wakazibua majani pamoja, na tangu hapo hanuni tena. Mimi namshukuru Sirili, Sirili anamvumilia Mama, Mama anamsifu Sirili. Kila mtu ana wa kwake, na wote tumekosea.

Basili akijua ni mchezo wa mtoto, ataona amekuja kwetu na mbege kama mjinga. Hapo hata isale la kweli halitafaa. Na Mama, Anyesi, hatapata miaka mingine mitatu ya kungoja.

Kwa hiyo nakuomba neno moja tu. Mfundishe Odilia, akiulizwa na Basili, aseme alitumwa na baba Yohana. Neno moja, basi.

Hilaria


Arusha Chini,
Jumatatu, 26 Julai 1982

Mpendwa Hilaria,

Damian alijaribu, nusu kwa mzaha. Nakuandikia kama ilivyokuwa.

"Odilia, nani alikutuma na lile jani?"

"Hakuna."

"Sema baba Yohana."

"Hakunituma."

"Wewe sema tu."

"Kwani baba, wewe ulikuwepo?"

Damian alicheka mpaka akatoka nje. Mimi sikucheka. Hilaria, sitamfundisha. Si kwamba mimi ni mwema kuliko wewe. Ni kwamba ataulizwa na mtu mzima mwenye machozi, atasema uongo wake vibaya, na wote mtauona usoni pake. Itakuwa aibu mara mbili.

Kuna njia moja ninayoiona. Mwambie Sirili, yeye peke yake, kabla ya siku hiyo. Ukishamwambia, sisi tutakuja wote wanne, na mtoto akiulizwa atasema anachokijua, na Sirili hatashtuka. Kama huwezi, tutabaki hapa na sitakulaumu. Mume ni wako, na mkwe ni wako.

Nakushukuru kwamba hukunificha hali ya nyumba yako. Ningekuwa mimi, nisingeweza.

Anyesi


Arusha Chini,
Jumamosi, 31 Julai 1982

Hilaria,

Naandika haraka, dereva wa trekta ataipeleka barua Moshi kesho kutwa. Tulitoka alfajiri, tukafika stendi ya Moshi, tukasubiri mpaka adhuhuri ikapita. Mabasi ya juu hayakuondoka hata moja. Hakuna dizeli. Odilia alikuwa amevaa gauni la komunyo la binti wa jirani na alilia njia nzima ya kurudi.

Mwambie Mzee Basili, na wote, kwamba hatukuogopa. Tulikuja tukakwama.

Nimekaa na mikono mapajani, sijui saa hizi kumetokea nini huko kwenu. Sijui hata kama ulimwambia.

Anyesi


Mwika,
Jumapili, 8 Agosti 1982

Anyesi wangu,

Nilimwambia Sirili. Ilikuwa Alhamisi kabla ya siku ya mbuzi, anakata majani ya ng'ombe. Nilimsomea barua yako ya kwanza, pale pa saa ya mkono. Aliendelea kukata mpaka majani yakawa mengi kuliko ng'ombe. Kisha akauliza, "Kwa hiyo si Mama?"

"Si Mama."

"Wala wewe?"

"Wala mimi."

"Basi nimesamehewa na sikuomba," akasema. Akaingia ndani, na Ijumaa nzima hakuniongelesha. Nilijua nimeharibu. Nilikulaumu wewe, nikamlaumu Odilia, nikamlaumu hata yule mpumbavu wa kwanza aliyebuni saa ya majani.

Jumamosi wakaja wazee wa mfongo, wale wale. Mbuzi akachinjwa, na Basili mwenyewe akawa anakata nyama juu ya majani ya mgomba. Akauliza, "Mjumbe wangu yuko wapi?" Wakati huo barua yako ilikuwa haijafika, nikakisia, nikasema pengine hakuna mabasi. Akasema mguu mmoja utawekwa kwa ajili yake. Ndipo Sirili akasimama.

"Kaka. Lile isale sikulituma mimi."

Hakuna aliyetafuna. Mama alinitazama, nikaangalia chini. Basili hakuinua kichwa, alimaliza kukata alichokishika.

"Najua," akasema. "Mtoto aliniambia ni saa. Akaushika mkono wangu anipime kama inatosha."

"Ulijua, na ukaja?"

"Miaka mitatu nimekaa pale natazama huo ua. Akatokea mtu, amepiga magoti, ameshika isale kwa mikono miwili, na fundo limo. Nimrudishe akalete barua ya utambulisho?"

Wazee wakacheka. Sirili hakucheka. Akatupa kisogo akaenda uani, nikajua sasa ameondoka. Alirudi na isale mkononi. Amelifunga vibaya, Anyesi, fundo la mtu ambaye hajawahi kufunga. Hakutafuta wa kumpelekea. Alisimama mbele ya kaka yake akalitoa yeye mwenyewe, akawageukia wazee. "Mlinisikia nikimwita mwizi. Nisikilizeni na leo. Si mwizi."

Basili alifuta mikono kwenye jani la mgomba, kidole kimoja kimoja, akalipokea. Halafu akasema taratibu, kama mtu anayetoa mwiba, "Maji niliyafungua mimi. Nilikosea siku. Nilipojua nimekosea ulikuwa umeshanitukana, nikaona heri nikasirike."

Mzee mmoja akauliza, "Yaani wote tumekaa kikao kile kwa sababu hukujua leo ni siku gani?"

"Nilikuwa sina saa," akajibu Basili.

Hapo hata Sirili alicheka. Na Mama akaanza kuwasema kwa Kichagga, halafu akarudia kwa Kiswahili ili asiwepo wa kusema hakuelewa: "Ndevu zote hizi! Mkakaa mnangoja mtoto wa Mngoni aje awafundishe kupiga magoti!" Kisha akamgeukia Sirili. "Na wewe nimekupa bakuli la kwanza wiki tatu bure." Lakini aliipokea nyama kutoka mkononi mwa Basili, akaila mbele yetu sote, taratibu, mpaka mfupa.

Nilitaka kuandika siku ile ile. Nikasema ningoje kwanza, nione kama amani itadumu kuliko mbege.

Alhamisi hii iliyopita Mama alifunga kanga zake mbili kwenye furushi, akasema anakwenda kulala kwa Basili. Nilimsindikiza mpaka kwenye kijia. Akanirudisha, akasema njia anaijua, yeye ndiye aliyezaa waliokuwa wameiziba. Leo baada ya misa amepitiliza huko huko moja kwa moja. Sirili amekwenda naye, Yohana ametangulia mbio.

Nimepika mtori kwa kipimo kile kile cha siku zote, na umebaki nusu sufuria. Nyumba imenyamaza mpaka namsikia ng'ombe akicheua. Ng'ambo ya ua Mama anamgombeza mke wa Basili kwamba ndizi hazimenywi vile, kwamba maganda ni mazito, kwamba ni nani aliyemfundisha. Ana miaka mitatu ya kusema, na ndiyo kwanza ameanza. Mke wa Basili anajibu, "Ndiyo Mama. Ndiyo Mama." Na anacheka.

Nimeleta kigoda mlangoni nipate kuwasikia vizuri. Asante, Anyesi.

Hilaria